Kumkagua dalali wa kuhamisha vyombo kabla hujamlipa: mwongozo kwa wanaohama jimbo hadi jimbo Marekani

Ukijaza fomu ya mtandaoni kutafuta kampuni ya kukuhamisha kutoka Houston hadi Minneapolis, simu huanza kuingia papo hapo. Wengi wa wanaopiga hawana lori hata moja. Ni madalali: wanaandika orodha ya vyombo vyako, wanataja bei, wanapokea malipo ya awali, kisha wanaitafutia kazi hiyo kampuni yenye lori. Udalali huu ni halali, na wapo wanaoufanya vizuri. Ila ukimtumia dalali una kampuni mbili za kukagua, yake na ya mwenye lori, na jina la mwenye lori mara nyingi hulijui mpaka siku moja au mbili kabla ya kupakia. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Mwongozo huu ni wa kuhama kutoka jimbo moja kwenda jingine. Kazi hiyo inasimamiwa na FMCSA, wakala wa serikali kuu ulio chini ya Wizara ya Uchukuzi. Anayehama ndani ya jimbo lilelile, tuseme Dallas kwenda Houston, yuko chini ya kanuni za jimbo: Texas ni TxDMV (idara ya magari ya jimbo), California ni BHGS (ofisi ya jimbo inayosimamia vyombo na huduma za nyumbani), na yapo majimbo yasiyotoa leseni ya kazi hii kabisa. Anayepeleka kontena Mombasa au Dar es Salaam naye mambo yake yako kwa FMC, wakala wa serikali wa usafirishaji wa baharini, wenye orodha yake ya mawakala wenye leseni. Mtu wa kontena akikuonyesha namba ya USDOT (ya usajili wa FMCSA) peke yake, hajakuonyesha kitu.

Hatua ya 1: Jua unaongea na nani

Swali la kwanza kwenye simu si bei. Uliza: lori litakalobeba vyombo ni lenu, au mtatafuta mwenye lori? Kwenye karatasi zao mwenye lori huitwa "carrier" na dalali huitwa "broker". Jibu la kuzungukazunguka kama "sisi ni mtandao wa malori" au "tuna washirika nchi nzima" maana yake ni dalali. Kampuni nyingine zina vibali vyote viwili. Hizo zilazimishe ziseme kwa barua pepe zinakuja kwako kwa kofia ipi, maana siku chombo kikipotea, mwenye lori ndiye mwenye dhima ya mzigo. Dalali atakuambia kazi yake ilikuwa kuunganisha tu.

Kisha omba kwa barua pepe vitu hivi: jina la kisheria la kampuni, namba ya USDOT, namba ya MC (ya kibali cha kazi), na anwani ya mahali wanapofanyia kazi. Huwaombi hisani. Kanuni za FMCSA zinamtaka dalali wa vyombo vya nyumbani aweke kwenye tovuti na matangazo yake anwani halisi na namba ya usajili, na aseme waziwazi kwamba yeye ni dalali, habebi vyombo mwenyewe, anapanga tu vibebwe na kampuni yenye kibali. Tovuti iliyojaa picha za malori yenye nembo yao, isiyo na sentensi hiyo hata chini kabisa kwa herufi ndogo, imekwisha kukujibu.

Hatua ya 2: Soma rekodi ya SAFER mstari kwa mstari

SAFER ni rekodi ya FMCSA ya kampuni za usafirishaji. Fungua safer.fmcsa.dot.gov, chagua "Company Snapshot", kisha tafuta kwa namba ya USDOT. Ni bure na huhitaji akaunti. Usitafute kwa jina kwanza, kwa sababu majina ya kampuni za kuhamisha yanafanana mno: neno "Van Lines" liko kwenye mamia, na tofauti ya "LLC" na "Inc" inaweza kuwa tofauti ya kampuni mbili zisizojuana. Namba ya MC bado inaombwa na kutumika, ila FMCSA imekuwa na mpango wa kuachana nayo na kubaki na USDOT peke yake, kwa hiyo ishike zaidi USDOT. Sura ya kurasa hizi pia hubadilishwa mara kwa mara. Taarifa za kutafuta ni zilezile hata vitufe vikihamishwa.

Ukurasa ukifunguka, shuka nao hivi.

"Entity Type" inakuambia kama ni dalali, mbebaji, au vyote viwili. Aliyekuambia "tunabeba wenyewe" huku hapa pameandikwa "BROKER" tu, mazungumzo yaishie hapo.

Kwenye mstari wa kibali, tafuta herufi HHG. Maana yake ni vyombo vya nyumbani. Hapa ndipo wengi wanapopitwa. Dalali anaweza kuwa na kibali halali kabisa cha "Property", yaani bidhaa za kawaida kama mbao au vinywaji kwenye maboksi, asiwe na ruhusa ya kugusa vyombo vya nyumbani. Ukimwuliza kama ana leseni atajibu ndiyo, na hatakuwa amedanganya. Ukiona "NOT AUTHORIZED", au tarehe imejazwa kwenye "Out of Service Date" (tarehe ya kusimamishwa kazi), acha.

"Legal Name" na "DBA Name": linganisha herufi kwa herufi na jina lililo kwenye barua pepe, kwenye mkataba na kwenye risiti ya kadi. Jina la biashara linaweza kuwa tofauti na la kisheria, lakini mojawapo lazima liwe kwenye rekodi. Jina la tatu ambalo halimo popote ni la mtu anayetumia namba ya mwenzake.

"Physical Address" na "Phone": ipigie simu namba iliyo kwenye rekodi, si ile iliyokupigia. Mwulize anayepokea kama wanamjua ajenti wako na kama namba ya makadirio yako iko kwao. Matapeli wa kuazima namba hukwama hapa, maana rekodi ni ya kampuni nyingine na watu wake hawajawahi kukusikia.

"Power Units" (malori) na "Drivers" (madereva): dalali mtupu kwa kawaida huwa na sifuri, na si kosa. Kosa ni sifuri hiyo kukaa pamoja na maneno ya "madereva wetu".

"MCS-150 Form Date": kampuni inatakiwa kuhuisha taarifa zake kila miaka 2. Tarehe ya zamani kuliko hapo si ushahidi wa utapeli, ila ni dalili ya ofisi isiyojali makaratasi, na kazi unayompa karibu yote ni makaratasi.

Hatua ya 3: Dhamana na historia ya kibali

Kutoka kwenye ukurasa huohuo kuna kiungo cha "Licensing & Insurance". Huko utakuta jedwali la aina za kibali. Kwa dalali angalia safu ya "Broker": hali yake iwe "Active", na chini ya "Household Goods" pawe na "YES". Kisha angalia "Bond". Kila dalali anatakiwa kuwa na dhamana ya dola 75,000, iwe ya kampuni ya udhamini (fomu BMC-84) au ya mfuko wa amana (fomu BMC-85).

Dola 75,000 inasikika nyingi. Usiitegemee kama bima yako. Ni fungu moja kwa wadai wote: wateja, na wenye malori ambao dalali hakuwalipa. Dalali akianguka akiwa na madeni kila upande, kinachobaki kwa mteja mmoja kinaweza kuwa kidogo sana. Na haina uhusiano wowote na kabati lililovunjika njiani.

Fungua pia "Active/Pending Insurance". Dhamana haifutwi ghafla. Mdhamini hutoa notisi ya siku 30, na tarehe ya kufutwa huonekana humo. Unaweza kukuta dalali ambaye leo ni "Active" lakini dhamana yake inakufa wiki mbili kabla ya tarehe yako ya kuhama. Ndiyo maana ukaguzi unafanywa mara mbili, siku ya kutia saini na tena siku chache kabla ya kupakia.

"Authority History" na "Revocation" zinaonyesha kibali kilitolewa lini na kama kimewahi kufutwa na kurudishwa. Hapa unawatafuta kinyonga, yaani watu wanaofunga kampuni yenye malalamiko na kufungua nyingine kwa jina jipya, ofisi ileile na simu zilezile. Tovuti ikijisifu kwa "miaka 20 ya uzoefu" huku kibali kina miezi minane, uliza hiyo miaka mingine walikuwa wakiitwa nani. Tafuta anwani na namba ya simu kwenye intaneti bila jina la kampuni uone majina gani mengine yanajitokeza.

Hatua ya 4: Malalamiko, anwani, usajili wa jimbo

Kwenye tovuti ya FMCSA kuna sehemu iitwayo "Protect Your Move", na ndani yake ukurasa wa kutafuta kampuni pamoja na historia ya malalamiko yaliyoandikishwa. Soma aina ya malalamiko zaidi ya idadi. Kuchelewa kufikisha mzigo ni kero, na karibu kila kampuni kubwa inayo. Kuzuia mzigo mpaka mteja aongeze pesa ni jambo jingine kabisa.

Weka anwani kwenye ramani yenye picha za mtaani. Ukikuta duka la kukodisha masanduku ya barua, jua huna pa kwenda kumfuata. Halafu tafuta jina la kisheria kwenye tovuti ya Secretary of State (ofisi inayosajili kampuni) wa jimbo ilikosajiliwa kampuni, uone ilisajiliwa lini na kama usajili bado uko hai. Nyota za maoni mtandaoni zipe uzito mdogo, na usianze na zile tano. Anza na moja na mbili, uone kama watu tofauti wanasimulia kisa kilekile.

Hatua ya 5: Karatasi na makadirio

Dalali anatakiwa kukupa, au kukuelekeza mtandaoni, vijitabu viwili vya FMCSA: "Ready to Move" na "Your Rights and Responsibilities When You Move". Anatakiwa pia kukuonyesha orodha ya kampuni za malori anazozitumia, na sera yake ya kughairi na kurudisha malipo. Tena anatakiwa kutumia kampuni zenye kibali cha FMCSA tu, na kuwa na mkataba wa maandishi na kila moja.

Mkataba huo una kipengele kinachokuhusu moja kwa moja: makadirio anayoyatoa dalali yanatakiwa kufuata bei rasmi za mwenye lori, na kuhesabika kuwa makadirio ya mwenye lori mwenyewe. Ukimwuliza dalali "nani mwenye lori aliyekubali bei hii?" naye hana jina la kutaja, bei uliyoshika ni yake tu, na haimfungi dereva atakayefika mlangoni.

Makadirio yawe ya maandishi na yatokane na vyombo vyako kuonwa, kwa mtu kufika au kwa video ya moja kwa moja. Utaletewa karatasi ya kukubali kwamba hakuna haja ya kuviona. Usiitie saini, hata wakikuambia ni ya kuharakisha. Bei ya simu inatokana na maneno: "sofa moja, vitanda viwili, maboksi kama ishirini". Siku ya kupakia maboksi yanakuwa arobaini na tano, na kuna friji ya gereji ambayo hakuna aliyeitaja. Kwenye video, fungua makabati, onyesha gereji, stoo na kibarazani. Uchunguzi wa dakika tano haujaona kitu.

Angalia kipimo. Bei kwa pauni inathibitishika, kwa sababu lori hupimwa kwenye mizani, una haki ya kuwepo linapopimwa, na unaweza kudai lipimwe tena. Bei kwa futi za ujazo humtegemea anayepanga lori: akipanga ovyo, vyombo vilevile "vinakua". Kwenye biashara hii hesabu ya kawaida ya kubadili ni pauni 7 kwa futi moja ya ujazo, kwa hiyo futi 600 ni kama pauni 4,200. Ukipewa makadirio ya kampuni tatu, yageuze yote kuwa pauni ndipo uyalinganishe. Anayesema pauni 2,500 pale wenzake wanaposema 4,200 hakupatii nafuu. Ameificha tofauti mpaka siku ya lori.

Kisha soma kama makadirio yanafunga bei ("binding") au hayafungi ("non-binding"). Yanayofunga, wakati wa kushusha huwezi kudaiwa zaidi ya kilichoandikwa. Yasiyofunga, wakati wa kushusha hawawezi kudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio. Kama yalikuwa dola 3,000, ukitoa 3,300 wanapaswa kukukabidhi vyombo, na salio lolote la haki unadaiwa baada ya siku 30. Nje ya hapo zipo huduma ulizoongeza mwenyewe baadaye na gharama za mazingira magumu, kama lori kubwa kushindwa kuingia mtaani. Hizo ziulizie mapema: ngazi, lifti, umbali kutoka mlangoni hadi lori, lori dogo la kuhamishia.

Hatua ya 6: Mkague mwenye lori

Dalali akishataja jina, rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa kampuni hiyo. Safari hii "Entity Type" iwe na "CARRIER", kibali kiwe na HHG, na safu za bima zionyeshe kwamba bima ya ajali za barabarani (BIPD) na ya mzigo (Cargo) zimewasilishwa. Kiwango cha chini cha bima ya mzigo kinachowasilishwa FMCSA ni dola 5,000 kwa gari na 10,000 kwa tukio, fedha isiyotosha nyumba ya vyumba vitatu. Kwa hiyo ulinzi wako halisi ni ule unaouchagua kwenye mkataba. "Released Value" haikuongezei gharama, lakini fidia yake ni senti 60 kwa pauni kwa kila kitu: televisheni ya pauni 40 italipwa dola 24. "Full Value Protection" ndiyo inayomtaka mwenye lori atengeneze, alete kingine au alipe thamani ya kitu. Dalali anapenda kuiruka mada hii kwa sababu inapandisha bei.

Mwandikie dalali barua pepe: mwenye lori atajwe angalau siku tatu kabla ya kupakia, na akibadilishwa nijulishwe, nina haki ya kughairi na kurudishiwa. Ajibu kwa maandishi. Kubadilisha mwenye lori dakika ya mwisho ndiyo njia ya kawaida ya ukaguzi wako wote kuwa bure.

Hatua ya 7: Pesa

Malipo ya awali ya dalali mara nyingi ndiyo kamisheni yake, na akishayapata hamu yake kwenye kazi hupungua. Yawe madogo, na yalipwe kwa kadi ya mkopo. Kadi ya mkopo inakupa haki ya kupinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu upelekewe taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Zelle, Cash App, hundi ya benki au fedha taslimu havina mlango wa kurudi. Linganisha pia jina linalotokea kwenye risiti ya kadi na "Legal Name".

Lori likifika

Kabla boksi la kwanza halijatoka ndani, zunguka lori. Ubavuni, pande zote mbili, linatakiwa kuwa na jina la kampuni na namba ya USDOT inayosomeka kwa umbali wa futi 50. Lori la kukodi kwa muda mfupi linaweza kukosa maandishi hayo, lakini basi mkataba wa kukodi uwe ndani ya gari na jina lilingane. Piga picha namba ya gari, maandishi ya ubavuni na leseni ya dereva akikubali.

Soma "Bill of Lading", hati ya mzigo, ambayo ndiyo mkataba wenyewe: iwe na jina la mwenye lori uliyemkagua, isiwe na nafasi tupu. Wengi siku hizi wanatoa tableti na kusema tia saini hapa. Dai nakala ije kwenye barua pepe yako kwanza.

Msimamizi akisema vyombo vimezidi orodha, anaweza kuandika makadirio mapya, lakini kabla ya kupakia tu, na kwa ridhaa yako. Wakishapakia bila makadirio mapya, yale ya kwanza ndiyo yanayosimama. Kwa hiyo ukiona wanaanza kubeba haraka haraka huku "karatasi zinakuja", wasimamishe. Na kama bei mpya haikubaliki, una haki ya kukataa lori likiwa bado tupu. Ni hasara, ila ndogo kuliko kubishana vyombo vikiwa jimbo jingine.

Mambo yakiharibika

Kudai kitu kilichopotea au kuvunjika, andikia mwenye lori ndani ya miezi 9. Anatakiwa kukiri kupokea dai ndani ya siku 30, na ndani ya siku 120 alipe, akatae au atoe pendekezo. Kila mwenye lori wa vyombo vya nyumbani anatakiwa kuwa na utaratibu wa usuluhishi. Kwa madai ya dola 10,000 au chini, ukiuomba wewe, hawezi kukwepa.

Vyombo vikizuiliwa kwa bei isiyo ya kwenye karatasi, toa malalamiko FMCSA kwa simu 1-888-368-7238 au kupitia ukurasa wao wa malalamiko, na kwa ofisi ya Attorney General (mwanasheria mkuu) wa jimbo. Taja namba mbili za USDOT, ya dalali na ya mwenye lori, na uambatanishe makadirio, hati ya mzigo, picha za lori na picha za skrini za rekodi ya SAFER ulizozihifadhi siku ya kutia saini. Rekodi hiyo inaweza kubadilika usiku mmoja, na picha yenye tarehe ndiyo inayoonyesha ilikuwaje siku ulipolipa.